Mwenye Shamba Alifika Mwenyewe

Harufu ilianza Jumanne, saa saba mchana, na mtu mwingine angefungua dirisha itoke kisha aendelee na kazi yake. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa, kile ambacho akina mama wa Kimaasai hukisugua ndani kwa kijinga cha moto hadi maziwa yashike ladha ya moshi. Sasa, kibuyu kingetoka wapi kwa nyumba ya Mugure? Maziwa yao yaliletwa asubuhi kwa mtungi wa plastiki, yakachemshwa, yakaisha kwa chai. Lakini harufu ilikuwa imesimama pale katikati ya jikoni kama mgeni aliyekosa kupewa kiti, na ilipotoka kwa mlango wa nyuma Mugure alisikia mlio mdogo wa shanga na vipande vya bati vikigongana, vile hugongana shingoni mwa mtu anayetembea.

Mugure akaweka mwiko chini, akaifuata.

Huyo ndiye Mugure. Ukimfungia nyama kwa gazeti, atalisoma gazeti lote damu ikimtiririka mikononi. Matangani alimuuliza mjane, mbele ya watu, marehemu alikula nini jioni ile. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutaka kujua, na tangu apoteze kazi ya kushona nguo kule Athi River mwaka wa 2002, ugonjwa ulipata nafasi ya kunenepa. Nyumba ya vyumba vinne na mtoto mmoja wa darasa la kwanza, kazi imeisha saa nne asubuhi. Na Kitengela ya miaka ile ilikuwa na nini cha kutazama? Upepo, vumbi, punda, na ploti tupu zilizozungushiwa waya.

Lakini nyumba yake aliipenda, na hilo mliweke moyoni. Mugure alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa huko Kiambu. Alikuwa na miaka tisa babake alipofutwa, wakatolewa kwa chumba chao siku hiyo hiyo, mama ametangulia na sufuria kichwani, watoto nyuma, majirani wamesimama milangoni wakiwatazama. Siku hiyo aliapa kwamba mtoto wake hatatolewa mahali. Kwa hivyo alipoolewa na Githongo, dalali wa mashamba, mwanamume mwenye ulimi wa kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, na Githongo akamjengea nyumba ya mawe juu ya ekari mbili zao wenyewe, Mugure alipita kila chumba akigusa kuta kwa kiganja. Binti yao Makena akaanza kutembea ndani ya kuta hizo. Kumtoa Mugure hapo kungehitaji tingatinga.

Harufu ilimpeleka nyuma ya nyumba, hadi kona ya ua ambapo kuku walikuwa wamefukua vumbi. Jua lilikuwa utosini na kivuli chake kimejikunja chini ya nyayo. Hapo harufu ikakatika. Akaona mawe matatu yanachungulia kutoka ardhini, meusi kwa masizi, jiko la mtu fulani wa zamani. Akarudi ndani kuchukua kijiko, kijiko cha chai jamani, akachutama akaanza kuchimba, bila sababu yoyote ila mikono ilikuwa mitupu. Akapata majivu. Chini ya majivu akapata shanga, mbili nyeupe na moja ya buluu. Chini ya shanga akapata kipande cha shaba kilichozungushwa mizunguko mizunguko, kile ambacho mwanamke wa Kimaasai aliyeolewa huning'iniza sikioni.

Jirani yake Mbeke, Mkamba wa Mwala, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa waya. Mugure akamwonyesha. Mbeke hakukigusa.

"Rudisha pale umetoa," akasema. "Hiyo ni kitu ya mtu. Kitu ya mtu haiingii kwa nyumba kama mwenyewe hajaileta."

Mugure alimcheka, akamwambia Wakamba wanaona majini hadi kwa sukari. Akaiosha ile shaba kwa sabuni ya unga, akaisugua ikang'aa, akaitundika kwa msumari juu ya meza ya jikoni. Ikapendeza kweli.

Kesho yake asubuhi akaja Resiato, msichana aliyekuwa akiwaletea maziwa, mpole, wa kusema maneno kumi kwa wiki. Alikuwa akimimina kwenye sufuria alipoinua macho akaiona ile shaba ukutani. Maziwa yalijaa, yakafurika mezani, yakadondoka sakafuni, na bado Resiato alikuwa anamimina.

Mugure aliuliza, naye Resiato akajibu polepole. Hiyo ilikuwa ya mama yake. Pale nyuma kwenye mawe ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake. Yeye na ndugu zake wanne walizaliwa hapo. Macho ya Mugure yaliwaka. Miaka mitano anaishi juu ya jiko la watu na hakuna aliyemwambia! Akataka kujua mama aliitwaje, alikufa lini, alikufa kwa nini, na walihamaje.

Resiato alisema tu kwamba walihamishwa. Kuhusu jina alikataa, kwa heshima, vile mtu humwambia mgeni kwamba hapa hapapitwi na viatu. Kwao mtu akifa jina lake halitajwi. Hata kama kuna mwingine pale nyumbani mwenye jina hilo, anabadilishiwa.

"Sisi ni tofauti," Mugure akasema. "Kwetu mtu akifa tunaita mjukuu hilo jina, ndiyo asipotee. Niambie tu, ni jina."

"Kwenu mnataka arudi," Resiato akasema. "Sisi tunataka apumzike."

Akachukua mtungi wake akaenda, na tangu siku hiyo hakuleta maziwa tena.

Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ungemnyima Mugure chakula angevumilia. Kumnyima jina ni kumwekea upupu mgongoni. Siku hiyo hiyo alienda dukani kwa Kiragu, mzee aliyefungua duka Kitengela kabla hata ya stima kufika, akajifanya amekuja kununua chumvi. Kiragu hakujua jina, lakini alimkumbuka huyo mama. Alikuwa mkali, akasema, akifukuza madalali kwa fimbo. Mumewe alikuwa mlevi na alitaka kuuza shamba lote. Mama akatembea kwa miguu mpaka Kajiado, akaweka zuio kwa ofisi ya ardhi, kwamba shamba hilo lisiuzwe mpaka yeye mwenyewe afike mbele ya bodi na kukubali kwa mdomo wake.

"Na akafika?" Mugure akauliza.

"Lazima alifika, mama Makena. Si mnaishi hapo?"

Alhamisi Githongo alikuwa Oltepesi, akiwaonyesha walimu fulani kutoka Nairobi nyasi na kuwaambia hapa patakuwa sebule. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, ambalo tangu waoane alisema ni karatasi za kazi tu. Mugure alikuwa amelikubali jibu hilo kwa sababu ambayo sasa hata yeye hakuikumbuka. Saa saba mchana akachukua kisu cha jikoni, akapiga magoti, akaanza kulegeza bawaba. Harufu ya moshi na maziwa ikaja ikasimama mgongoni kwake. Nje ya dirisha la chumba cha kulala, zile shanga zikaanza kutembea, zinaenda hadi pembe ya nyumba, zinageuka, zinarudi, polepole, mwendo wa mtu anayengoja aitwe kwa daktari, na Mugure alizisikia vizuri, na bado mkono wake haukuacha kuzungusha kisu, kwa sababu bawaba ya pili ilikuwa imeanza kulegea.

Faili la ploti yao lilikuwa la chini kabisa. Lilisema kwamba mwezi wa tatu mwaka wa 1996 mke wa mwenye shamba alifika mwenyewe mbele ya bodi, akatambuliwa, akaondoa zuio na kukubali shamba liuzwe. Palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Palikuwa na picha ndogo ya mwanamke aliyejifunga shuka nyekundu, kitambaa kichwani, shanga zimemfika kidevuni, macho ameyainamisha.

Mwanamke huyo alikuwa Mugure.

Alikumbuka yote kwa mara moja, na sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa ameyafunika tu vile mtu hufunika sufuria iliyoungua: kwamba walikuwa wameoana wiki tatu, kwamba Githongo alikuja na shuka kwa mfuko wa karatasi akasema kuna mama mmoja wa Kimaasai ni mgonjwa hawezi safari ya Kajiado, ameshakubali, inatakiwa tu mtu wa kumkalia nafasi, usiseme neno watadhani hujui Kiswahili, weka kidole pale nitakuonyesha, na ekari mbili za pembeni zitakuwa zetu, na yeye Mugure, mtu wa kuuliza bei ya jeneza la jirani, siku hiyo alikaa kwenye kiti, akainamisha macho, akaweka kidole, na hakuuliza swali hata moja, kwa sababu alikuwa tayari anaiona nyumba.

Na hata hapo, jamani, hata hapo na shanga zimesimama kimya nje ya dirisha, macho yake yalishuka kwenye karatasi kutafuta lile jina. Akalipata. Akalisoma kwa sauti.

"Sintoyia."

"Nimefika," sauti ikajibu kutoka jikoni. Ilikuwa sauti ya Mugure mwenyewe.

Jikoni hapakuwa na mtu. Msumari ulikuwa mtupu.

Jioni wakiwa mezani, Makena ameshakula na kwenda kucheza mlangoni, Mugure alimuuliza mumewe yule mama Sintoyia alikuwa anaugua nini. Githongo aliacha kutafuna.

"Nani amekupa hilo jina?"

"Alikuwa mgonjwa wa nini, Baba Makena?"

Githongo alitazama mlango, akashusha sauti. "Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekufa. Miezi mitatu." Akaeleza haraka haraka, kwa ile sauti yake ya kuuzia watu mashamba. Zuio la mtu aliyekufa lingepeleka kesi kortini miaka kumi, mume wa marehemu alikuwa na haraka, na huyo naye pombe ilimuua mwaka uliofuata, kwa hivyo hakuna aliyeumia. "Maiti haina haja na shamba, Mugure."

"Ulinivalisha maiti."

"Na ukavaa," Githongo akasema.

Tangu hapo ikawa kila mchana. Makena akitoka shule, mama yake akimwekea uji, mtoto anashangaa na kusema si amekunywa sasa hivi, si mama amempa mwenyewe, alikuwa amevaa lile rinda la kanisani. Kiragu akamwambia sukari yake ameshachukua. Mbeke alikuwa anaanza kumpenda upya. Alimwambia Mugure siku hizi umebadilika, jana tumeongea hapa kwa waya karibu saa nzima na hukuniuliza jambo hata moja, ukanisikiliza tu, nikasema leo mama Makena ameokoka. Jana mchana kutwa Mugure alikuwa ndani, amelala, kichwa kinamgonga.

Akaita mchungaji. Mchungaji alikuja mchana, akaomba kwa saa mbili, akamwekea mikono kichwani mwanamke aliyemkuta amekaa sebuleni, akambariki, akanywa chai yake akaenda. Mugure wakati huo alikuwa chooni, mlango umekwama, anapiga kelele hakuna anayesikia.

Alipotoka aliona kidole gumba chake cha kushoto kimekuwa cha zambarau. Alikisugua kwa jiwe mpaka damu, na wino ukabaki. Ngozi yake ilianza kunuka moshi na maziwa. Mbwa waliomjua walimbwekea. Sauti ilimkauka, maneno yakawa yanatoka mazito, na dukani Kiragu, mtu aliyemjua miaka mitano, alimsemesha polepole na kwa sauti ya juu, vile watu husemesha mtu wanayedhani hajui Kiswahili. Na kila alipoingia kwa nyumba yake alikuta kazi imeshafanywa, vyombo vimeoshwa, nywele za Makena zimesukwa vizuri kuliko alivyowahi kumsuka yeye, mistari imenyooka, na mtoto anaimba wimbo asioujua ametoa wapi. Hapo ndipo aliogopa kabisa. Alielewa kwamba yule hakuja kuvunja kitu. Alikuja kukaa.

Mbeke aliamini siku alipoinua macho kutoka kwa nguo zake akamwona Mugure analia kando ya waya, na Mugure mwingine amesimama kwenye dirisha la jikoni, anawatazama wote wawili. Alimshika jirani yake mkono wakaondoka vile vile na ndara, wakaenda Embulbul kwa mama mmoja wa kwao aliyeitwa Nzula, aliyejulikana kwa kutoa majini ya kila aina, hata ya kununuliwa Pwani.

Nzula alikuwa anapepeta maharagwe. Alisikiliza yote, akaomba aonyeshwe kidole. Alikitazama muda mrefu, kisha akakirudisha kwa Mugure kwa uangalifu kama kitu cha wenyewe.

"Mimi natoa mpangaji," akasema. "Mwenye nyumba simtoi."

Mbeke alimsihi, akamwambia kuna mtoto mdogo pale nyumbani. Nzula akatikisa kichwa. Akasema majini mengine huingia kwa mtu kwa nguvu, ama kwa kutumwa, na hayo yeye huyafukuza. Huyu hakuingia. Alikuwa amelala kwa amani, amemaliza, wakamwamsha wakamwandika kwamba yuko hai, wakampa na mwili wa kufikia mbele ya serikali.

"Nenda pale uliweka kidole. Sema mbele yao kwamba wewe si yeye," Nzula akamwambia. "Nenda haraka, kabla yeye hajasema kwamba yeye ni wewe."

Bodi ilikuwa ikae Jumanne. Jumatatu jioni Mugure alimpigia Githongo magoti, akamwambia wakaseme ukweli, warudishe hizo ekari kwa watoto wa wenyewe, wajenge kwingine hata kibanda cha mabati, mradi wawe watatu. Aliisema nyumba yake hivyo, yeye, na haikumuuma. Githongo alimuuliza kama anataka afungwe. Akasema atafikiria, akageukia ukuta, na Mugure aliona mabega yake yakitetemeka.

Usingizi ulimbeba Mugure ule wa mgonjwa. Alipoamka jua lilikuwa juu. Githongo hayuko, Makena hayuko, rinda la kanisani haliko. Alijiambia wameenda shule. Alijifunga leso akaenda Kajiado.

Karani wa pale alikuwa mama mnene mwenye miwani, jina lake Nakhumicha, mtu wa roho safi. Mugure alimwambia ameleta jambo la ile ploti, akataja nambari, akasema yeye ni Mugure mke wa Githongo na kuna uongo anataka kuutoa kifuani. Nakhumicha alimtazama juu ya miwani.

"Mke wa Githongo ametoka hapa saa tatu," akasema. "Yeye, mzee wake, na msichana mdogo amesukwa vizuri sana. Wamerudisha ekari mbili kwa watoto wa mwenye shamba. Bure. Mimi miaka kumi na tisa kwa hii ofisi sijaona watu kama hao. Mzee alikuwa analia mpaka nikampa maji."

"Huyo si mimi. Mimi ndio Mugure."

"Basi weka kidole tuone."

Mugure aliweka kidole. Hakikuhitaji wino. Nakhumicha akakilinganisha na cha asubuhi, akatikisa kichwa, si hiki. Kisha akakunja uso, kwa sababu kidole hicho alikuwa amekiona muda si mrefu. Akafungua faili la zamani, akageuza karatasi hadi mwaka wa 1996, akaweka hizo alama mbili kando kwa kando chini ya kioo cha kukuzia, kila mstari, kila kovu, akarudia mara ya pili, na Mugure akiwa amesimama pale mbele ya dirisha dogo alimwona yule mama mwema akianza kurudisha kiti chake nyuma, kidogo kidogo, mpaka kikagonga kabati.

"Hiki kidole ni cha Sintoyia," Nakhumicha akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Na huyo mzee ameleta barua ya chifu ya warithi leo asubuhi, tukaiweka kwa faili. Sintoyia alikufa mwezi wa kumi na mbili, 1995." Akafunga faili. "Mama, mimi sitaki maneno na wewe. Hapa imeandikwa ulikufa. Tafadhali nenda ukapumzike."

Mugure alijaribu kumweleza. Aliposikia maneno yanayomtoka mdomoni, hayakuwa Kiswahili wala Kikuyu.

Alifika Kitengela saa saba mchana. Mbele ya nyumba palikuwa na pikapu iliyojaa vitanda, magodoro na meza ya jikoni. Upande wa pili wa barabara Resiato na ndugu zake walikuwa wamesimama na ng'ombe wachache, hawajaingia, wanangoja kwa adabu wenye vitu watoke. Githongo alikuwa kwenye usukani. Alimwona Mugure. Mimi nasema alimwona na akamjua, kwa sababu uso ulimkunjamana na mdomo ukafunguka, na wakati huo huo mwanamke aliyekaa kando yake, mwenye rinda la kanisani na uso wa Mugure, akamwekea kiganja shingoni, polepole, kama mke. Githongo akafunga mdomo. Miaka yote iliyokuja angelala kitanda kimoja na mtu aliyemfukuza kwa fimbo akiwa hai, na asubuhi angemwita mama Makena.

Mugure alikimbilia dirisha la gari. Makena alikuwa amepakatwa katikati, kichwa kimeegemea kifua cha yule mwanamke, na mkono wenye kidole safi ulikuwa unampapasa mistari ya nywele. Mama alimtazama mtoto wake, akasema jina lake, akalisema tena, na kilichotoka kilimfanya Makena ajikunje. Kisha mtoto akakumbuka adabu, akatoa ile salamu ambayo watoto wote wa Kitengela wanaijua, ya kumsalimia mama wa Kimaasai.

"Takwenya," akasema.

"Iko," Mugure akaitika, vile mama wa Kimaasai huitika. Hakutaka kuitika, lakini mdomo wake uliitika.

Gari likaanza kusogea. Makena aligeuka kumtazama kwa dirisha la nyuma, macho yamemtoka.

"Mama, huyo ni nani? Mbona analia? Anataka nini kwetu?"

"Kaa vizuri," yule mwanamke akamwambia kwa upole. "Si tabia nzuri kuuliza uliza mambo ya watu."